Kulala kwenye hema Emigrant Springs: mwongozo kwa anayepiga kambi mara ya kwanza kwenye Njia ya Oregon

Wasemaji wengi wa Kiswahili wanaoishi Boise na Portland, nchini Marekani, huipita barabara kuu ya I-84 kila wanapokwenda kuwatembelea ndugu, harusini au msibani, na njiani hukiona kibao cha Emigrant Springs, kituo cha kupigia kambi kwenye milima ya Blue Mountains mashariki mwa jimbo la Oregon, bila kusimama. Wanaofikiria kusimama huuliza maswali yale yale: je, mtu ambaye hajawahi kupiga kambi anaweza kulala pale? Baridi ikoje? Wanyama je? Watoto wataoga wapi? Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa mpangilio, tangu kuchagua tarehe hadi kushuka mlima siku ya kuondoka.

Kwanza, maneno machache kuhusu mahali penyewe. Njia ya Oregon, ambayo walowezi wa karne ya 19 waliifuata kuhamia magharibi mwa Marekani, ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 3,500, kutoka Independence katika jimbo la Missouri hadi bonde la Willamette huko Oregon. Mnamo mwaka 1843 msafara wa watu wapatao 1,000 ulipasua njia ya magari ya maksai katika milima hii kwa kufyeka miti kwa mashoka. Baada ya miezi mingi ya nyika kavu, wasafiri walikuta hapa maji ya chemchemi, kuni na kivuli cha misonobari, wakapumzisha maksai kabla ya mteremko mkali wa upande wa magharibi. Nchi hiyo ilikuwa na wenyewe. Wacayuse, Waumatilla na Wawalla Walla waliishi na kusafiri humo tangu zamani, na mkataba wa mwaka 1855 uliwanyang'anya sehemu kubwa ya ardhi yao. Tarehe 3 Julai 1923 Rais Warren G. Harding alifika katika kitongoji jirani cha Meacham kwenye sherehe za kuikumbuka njia hiyo, mwezi mmoja tu kabla ya kufariki dunia. Leo kituo hiki ni hifadhi ya jimbo la Oregon, yenye nafasi za mahema, nafasi za magari-nyumba, vibanda vya magogo, maji ya bomba, vyoo na bafu zenye maji ya moto.

Kambi njema hapa hutegemea zaidi mpangilio wa siku kuliko vifaa vya bei kubwa. Anayefika jua likiwa bado juu, akajenga hema na kula kabla ya giza, atalala vizuri hata kama hema lake ni la bei rahisi, ilhali anayefika usiku atahangaika hata akiwa na vifaa bora kuliko vyote.

MAHITAJI KABLA YA KUONDOKA

Kituo kiko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Hata mwezi Julai, mchana unapokuwa wa joto, si ajabu usiku ukashuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, kwa hiyo orodha hii imepangwa kwa kuanzia na yale yanayohusu joto la mwili.

- Mfuko wa kulalia kwa kila mtu, ulioandikwa kuwa unafaa hadi nyuzi 0. Blanketi za nyumbani zinaweza kuongezwa juu yake, lakini zisitegemewe peke yake.
- Godoro jembamba la sponji au la kujaza hewa kwa kila mtu. Ardhi hunyonya joto la mwili kwa kasi kuliko hewa, na hiki ndicho kifaa ambacho wageni wengi hukisahau.
- Sweta, kofia ya sufu, soksi kavu za kulalia na koti la mvua.
- Hema lenye paa la pili la kuzuia mvua, vigingi vyake vyote, nyundo ndogo, na turubai la kutandika chini.
- Tochi ya kichwani kwa kila mtu mzima, na betri za akiba.
- Jiko la gesi lenye mtungi mdogo, kiberiti kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, sufuria, mwiko, visu na ndoo.
- Sanduku la barafu lenye kufuli au mkanda.
- Maji ya kunywa ya safarini, sanduku la huduma ya kwanza, dawa ya kufukuza wadudu, na kibanio chembamba cha kutolea kupe.
- Fedha taslimu kidogo za kununulia kuni.

Jambo moja linahitaji kuulizwa mapema nyumbani. Ikiwa katika familia yako yuko mzee aliyeishi miaka mingi Nyarugusu au katika kambi nyingine ya wakimbizi, usidhani kwamba kulala kwenye hema kwake ni burudani. Mwulize kwa heshima na ukubali jibu lake. Vibanda vya magogo vipo, vina vitanda na magodoro, nanyi mtakuja na mashuka na mablanketi yenu. Bibi anaweza kulala kibandani na vijana wakalala hemani, na jioni wote wakaota moto mmoja.

HATUA KWA HATUA

1. Chagua tarehe. Kwa mara ya kwanza, nenda kati ya Julai na katikati ya Septemba. Juni bado inaweza kuwa na mvua na matope, na kuanzia Oktoba theluji huweza kuanguka bila taarifa ndefu. Mimi napendekeza Septemba, kwa sababu misafara mingi ilifika kwenye milima hii kati ya mwisho wa Agosti na Septemba, hivyo nyasi zilizokauka na baridi ya alfajiri utakazokutana nazo zinakaribiana sana na zile zao. Hakikisha katika tovuti ya hifadhi kwamba sehemu ya mahema imefunguliwa kwa tarehe hiyo.

2. Weka nafasi. Hifadhi za jimbo la Oregon huruhusu nafasi kuwekwa hadi miezi 6 kabla, kwa intaneti au kwa simu. Wikendi ya tarehe 4 Julai na ile ya Sikukuu ya Wafanyakazi mwanzoni mwa Septemba hujaa mapema. Nafasi moja hairuhusu zaidi ya watu 8, na hapa ndipo familia zetu hukosea: watu 12 huja na nafasi moja, kisha huambiwa wagawanyike wakati nafasi zote zimekwisha. Mkizidi 8, wekeni nafasi mbili zinazopakana. Itazame ramani ya kituo kwa makini kabla ya kulipa, uchague nafasi iliyo mbali na barabara kuu, kwa kuwa malori hupita usiku kucha.

3. Jenga hema nyumbani kwanza. Lijenge uwanjani au bustanini, uhesabu vigingi, ulimwagie maji kwa ndoo na uangalie linapovuja. Kazi hii ya saa moja huokoa usiku mzima. Usiruke hatua hii hata kama hema limetoka dukani leo, kwa sababu hema jipya pia huweza kukosa nguzo.

4. Panga safari kwa kufuata saa. Kituo kiko kwenye njia ya kutokea namba 234 ya I-84. Namba hizo huhesabiwa kwa maili kutokea upande wa Portland, hivyo kutoka Portland ni kilomita 375 hivi, na kutoka Boise ni kilomita 300 na kidogo. Anayetoka Boise hurudisha saa nyuma kwa saa moja kabla ya kufika, kwa kuwa sehemu kubwa ya Oregon hutumia saa za Pasifiki. Mapokezi ya wageni huanza saa 10 jioni, nawe lenga kufika wakati huohuo. Jaza mafuta La Grande au Pendleton, nunua chakula na barafu hukohuko, kwa sababu mlimani hakuna soko. Kabla ya kuondoka, angalia hali ya barabara kwenye TripCheck, huduma ya idara ya uchukuzi ya Oregon, kwani ukungu hushuka ghafla kwenye mlima huu.

5. Kagua nafasi yako kabla ya kushusha mizigo. Tazama juu kwanza: misonobari hapa ni mirefu na ya miaka mingi, na tawi kavu likianguka kwa upepo linaweza kuua. Kisha tazama chini, ukitafuta sehemu tambarare iliyoinuka kidogo. Shimo lenye nyasi laini linavutia, lakini hewa baridi na maji ya mvua hukusanyika humo. Ondoa mawe na koni za misonobari, ulale chini dakika moja uone kama kichwa kinainama.

6. Simamisha hema. Tandika turubai na ukunje kingo zake ziingie chini ya hema, kwani kingo zinazotokeza nje hupokea mvua na kuipeleka chini ya mgongo wako. Geuza mlango usitazame upepo unakotoka. Gongomea vigingi vikiwa vimeinama, vichwa vyake vikielekea mbali na hema, na uzikaze kamba zote hata kama anga ni safi. Tandika magodoro na mifuko ya kulalia palepale, mwanga ungali upo.

7. Washa moto kwa kufuata sheria za siku hiyo. Majira ya kiangazi mioto ya msituni ni hatari kubwa mashariki mwa Oregon, na mara nyingi moto wa kuni hupigwa marufuku kabisa. Soma tangazo langoni au umwulize msimamizi wa kambi, na hii ndiyo sababu jiko la gesi haliwezi kukosekana katika orodha yako. Lakini hakikisha kwamba nalo linaruhusiwa siku hiyo. Moto ukiruhusiwa, uwashe ndani ya duara la chuma lililowekwa, wala si penginepo. Kuni zinunuliwe hapo au karibu. Usilete kuni kutoka Boise wala Portland, kwa kuwa wadudu wanaoua miti husafiri ndani ya magogo, na mmoja wao, anayeangamiza miti ya mifraksi (kwa Kiingereza "ash"), aligunduliwa Oregon mwaka 2022. Kabla ya kulala, mwaga maji, koroga majivu, mwaga tena, kisha usogeze kiganja karibu. Ukihisi joto, bado moto upo.

8. Pika mapema na ufunge chakula. Chemsha maharage nyumbani, kwa kuwa mlimani maji huchemka kwa joto dogo kidogo na maharage makavu yatakumalizia gesi. Ugali, samaki wa kukaanga, chapati zilizopikwa jana na chai ya tangawizi vinatosha kabisa. Chota maji kwenye mabomba ya kituo. Usiende kuitafuta chemchemi ya kale ili unywe, kwa sababu ujenzi wa barabara na wa bomba uliiharibu vibaya, na maji yoyote ya kijito msituni yahesabiwe kuwa machafu mpaka yachemshwe. Baada ya kula, osha vyombo, na uweke chakula, dawa ya meno, sabuni na takataka ndani ya gari lililofungwa. Dubu weusi wapo kwenye milima hii, na puma pia, ingawa mara nyingi utakachokiona ni kulungu na kindi wa ardhini wanaoiba mkate. Kisiwepo chakula ndani ya hema, hata biskuti ya mtoto.

9. Lala ukiwa mkavu. Vua kila ulichovaa mchana, kwa kuwa nguo zenye jasho hupoza mwili usiku, uvae nguo kavu, soksi na kofia. Jaza chupa imara maji ya moto, uifunge vizuri na uiweke miguuni ndani ya mfuko wa kulalia. Acha matundu ya hewa ya hema wazi. Saa za utulivu ni kuanzia saa 4 usiku hadi saa 1 asubuhi, na muziki wa gari huzimwa wakati huo.

ONYO KUU: kamwe usiingize ndani ya hema, kibanda wala gari jiko la mkaa, jiko la gesi au makaa yoyote ili kupata joto, hata kama moto umeonekana kuzimika. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na anayeivuta usingizini huenda asiamke. Wengi wetu tumelelewa na jiko la mkaa kibarazani, tukalizoea, na mazoea hayo ndiyo yanayolifanya hema kuwa hatari kwetu. Mkizidiwa na baridi, hamieni garini, mwashe injini kwa muda mfupi mkiwa macho, kisha muizime kabla ya kulala.

10. Asubuhi, nenda ukaione njia yenyewe. Kulala hapa bila kuziona alama za magurudumu ni kukosa jambo lililowaleta. Funga hema, rudi kwenye I-84 kuelekea mashariki hadi njia ya kutokea namba 248, ambayo ni mwendo wa kilomita 22 hivi, na ufuate vibao vya Blue Mountain Crossing ndani ya msitu wa taifa wa Wallowa-Whitman. Hufunguliwa majira ya kiangazi, kwa hiyo thibitisha siku zake. Kuna njia fupi iliyosakafiwa ambayo hata mzee mwenye mkongojo anaweza kuipita bila haraka, na kando yake utaona mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya mbao yenye pete za chuma katika udongo wa msituni. Simama juu ya mteremko na utazame upana wa mfereji, kisha waambie watoto wafikirie gari la mbao lililojaa unga, mbegu na wagonjwa likivutwa na maksai waliokonda. Wengi wa wasafiri wa wakati huo hawakuwa wamepanda magarini, bali walitembea kwa miguu karibu njia nzima, wakiwemo watoto. Usikanyage ndani ya mfereji, kwa maana umedumu zaidi ya miaka 150 na nyayo zinaweza kuubomoa. Msumari, kipande cha chuma au kigae chochote cha zamani kiachwe palepale. Kuchukua vitu vya kale katika ardhi ya serikali ni kosa la jinai, na kikishahamishwa hakiwezi tena kueleza kilifikaje hapo.

Ili usikie upande wa pili, panga pia kupita Tamástslikt Cultural Institute karibu na Pendleton, kwenye njia ya kutokea namba 216. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1998 na makabila yenyewe matatu yaliyotajwa mwanzoni, ambayo leo yameungana katika eneo la Umatilla, na ndiyo yanayosimulia njia hii kwa macho ya watu walioona magari yakizidi kuja kila mwaka katika malisho yao. Kwa maoni yangu safari hii haijakamilika bila makumbusho hayo, na watoto waliosoma habari za walowezi shuleni watauliza maswali bora zaidi wakitoka humo.

11. Fungasha na ushuke kwa tahadhari. Nafasi huachwa kabla ya saa 7 mchana. Anika hema juani kabla ya kulikunja, zoa taka zote, hata vipande vya maganda, na uhesabu vigingi. Ukielekea Pendleton, barabara hushuka takriban mita 600 ndani ya kilomita 10, ikiwa na kona kali zinazopindana. Wasafiri wa kale walifunga magurudumu kwa minyororo ili magari yasiwaporomokee maksai. Wewe weka gia ya chini kabla ya mteremko kuanza, ukanyage breki kwa vipindi badala ya kuikandamiza mfululizo, na uyaachie malori nafasi. Huko chini barabara inapita katika ardhi ya makabila ya Umatilla, kwa hiyo usiingie vijia vya pembeni bila ruhusa.

MATATIZO YA KAWAIDA NA UFUMBUZI WAKE

Kuta za hema zina maji kwa ndani asubuhi, lakini mvua haikunyesha. Hayo ni mvuke wa pumzi zenu uliogandamana kwenye kitambaa baridi. Fungua matundu zaidi usiku unaofuata na usianike nguo zilizolowa ndani.

Mtoto anatetemeka na hawezi kupata joto. Mvue nguo zenye unyevu, mwingize ndani ya mfuko pamoja na mtu mzima, mpe uji au maziwa moto yenye sukari. Mtetemeko ukikoma huku mtoto akiwa bado baridi, amelegea na anaongea bila mpangilio, hiyo ni hali ya hatari. Piga simu 911 mara moja.

Kuni hazishiki. Mara nyingi magogo ni makubwa mno kwa moto mchanga. Pasua vipande vyembamba kama penseli, vipange kwa kuacha nafasi ya hewa, na uongeze ukubwa polepole. Usimwage petroli wala mafuta ya taa.

Umekuta kupe mwilini. Mbane kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu moja kwa moja bila kumzungusha, kisha osha kidonda kwa sabuni. Usimchome kwa moto wala kumpaka mafuta. Homa au vipele vikitokea katika siku au wiki zinazofuata, mweleze daktari kwamba uling'atwa na kupe.

Usingizi hauji kwa sababu ya kelele. Mbali na malori, treni za mizigo hupita milimani humu, kwani reli ilifika hapa katika miaka ya 1880. Viziba masikio vya sponji vinasaidia sana, hasa kwa wazee.

Mmechelewa na giza limeingia. Msijenge hema gizani chini ya miti msiyoiona vizuri. Piga simu kwenye kituo ili nafasi yenu isitolewe, mlale moteli La Grande au Pendleton, zote zikiwa chini ya saa moja kwa gari, na mje kujenga hema asubuhi.

Dubu ameingia kambini. Msikimbie. Wakusanyeni watoto nyuma yenu, simameni wima, ongeeni kwa sauti kubwa, mgonge sufuria, na mrudi nyuma polepole kuelekea garini huku mkimwachia njia ya kuondoka. Baada ya hapo mjulisheni msimamizi, hata kama ni usiku, ili wanaolala nafasi za jirani nao wafunge vyakula vyao.